Maswali ya Wasomaji: Kilwa Inazama au Inaliwa?

Ukurasa wetu wa mwezi huu umechukuliwa na jambo moja. Barua tatu, mbili za Moshi na moja ya hapa Arusha, zimefika kwa nyakati tofauti, na zote zinauliza habari za miji ya kale ya pwani na bahari inayoinyemelea. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mahali panapoulizwa nimepafikia na ninapapenda.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Nilipokuwa nikifundisha kidato cha pili habari za Kilwa Kisiwani, masultani wake na dhahabu ya Sofala, bandari ya kale huko Msumbiji, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba amesikia mji huo umezama baharini, kwa hiyo haoni sababu ya kuhangaika nao. Wenzake walicheka, lakini mimi sikuwa na jibu la uhakika la kumpa. Je, ni kweli kwamba Kilwa imezama? Na kama si kweli, maneno haya yametoka wapi? (Mwalimu wa historia, Majengo, Moshi)

JIBU: Mwalimu, mwambie kijana huyo kwamba Kilwa Kisiwani haijazama, na kwamba hata leo mtu anaweza kupanda chombo pale Kilwa Masoko, akavuka mlango wa bahari wa kilomita chache, akashuka ufukweni na kutembea kwa miguu kutwa nzima kati ya magofu ya mji huo. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ilijengwa yapata karne ya 11, bado unaonyesha kuba zake na safu za nguzo zake. Hata hivyo, mwanafunzi wako hakuyaokota maneno yake hewani. Ukingo wa kisiwa unaondoka kidogo kidogo, na kuta zilizojengwa karibu na maji zinaondoka pamoja nao. Mji huo hauzami, bali unaliwa, na tofauti hiyo si mchezo wa maneno, kwa sababu mji unaozama hauna wa kuuzuia, ilhali mji unaoliwa unaweza kukingwa.

Jengo la kwanza unalokutana nalo ukishuka chomboni ni Gereza, ambalo licha ya jina lake lilijengwa kuwa ngome. Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome yao hapo, kisha wakaondoka mwaka 1512. Ngome inayoonekana sasa ni ya Waomani, nayo ni ya yapata mwaka 1800. Upande wake unaoelekea maji umeanguka. Nilipofika mara ya mwisho maji yalikuwa yamekupwa, nikaona pande kubwa la ukuta limelala mchangani, chaza wameshalishika upande wa chini kama vile lilikuwa jiwe la baharini tangu zamani. Katika chokaa iliyobaki juu yake zilionekana chembe nyeupe za kombe, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilitoka kama unga uliolowa. Niliingia ndani ya ngome nikaigusa chokaa mahali ambapo maji hayafiki, nayo ilikuwa ngumu kiasi kwamba ukucha haukuikwaruza. Ni fundi wa aina moja na mchanganyiko wa aina moja, ila huku bahari imeingia na kule haijaingia.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima mtu ajue mji ulijengwa kwa vitu gani. Mawe yake ni matumbawe, chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa, na mapaa yake yalibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti. Kwa hiyo mkoko uliujenga mji, na mkoko huohuo uliukinga, kwa kuwa mizizi yake hushika matope na kulivunja nguvu wimbi kabla halijafika ukingoni. Mahali ambapo mikoko imekatwa ikaisha, wimbi hufika likiwa na nguvu zake zote, huchimba chini ya msingi, na ukuta ambao ulistahimili jua na mvua kwa miaka mia mbili huanguka kwa sababu chini yake pamebaki tupu. Chumvi nayo hupenya ndani ya mawe, hukauka, hukua kuwa chembe ngumu na kuyapasua polepole.

Ni kweli pia kwamba bahari yenyewe inapanda. Kati ya mwaka 1901 na mwaka 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimeta 20, na kasi yake imekuwa ikiongezeka: katika miongo saba ya kwanza ya karne iliyopita ilikuwa kama milimita 1.3 kwa mwaka, na kati ya mwaka 2006 na 2018 ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Sentimeta 20 ni kama upana wa karatasi ya kuandikia barua, na mtu ana haki ya kuuliza ni ukuta gani utakaoangushwa na upana wa karatasi. Lakini bahari haifanyi kazi yake kwa wastani. Huifanya siku za bamvua, wakati ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na hasa bamvua inapokutana na upepo mkali unaosukuma mawimbi kuelekea nchi kavu. Siku kama hiyo, upana wa karatasi ndio unaoamua kama wimbi litaishia kwenye mchanga au litapiga msingi wa jengo, na kila mwaka siku ambazo wimbi linafika kwenye msingi zinazidi kuwa nyingi.

Wenyeji wa Kilwa walikuwa na habari yao ya bahari na mji tangu mwanzo, na ningependa uisome darasani. Tarehe ya kale ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mfalme wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Zama hizo, yasema habari hiyo, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Mfalme alipojuta na kutaka kurudi akitwae kisiwa chake, wenyeji wapya wakauchimba ule mkondo wakati wa maji kupwa, bahari ikajaa na haikupwa tena. Masimulizi mengine yanasema kuwa ni kisomo cha Kurani kilichoyazuia maji yasirudi. Siileti habari hii kama kipimo cha kina cha maji. Ninaileta kwa sababu inatuonyesha watu waliojua vizuri kwamba uhai wa mji wao ulitegemea mahali maji yanapokomea, na ambao waliihesabu bahari kuwa ukuta wao.

Kutoka mjini, ukitembea kuelekea mashariki, unafika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Jumba lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, nalo limesimama juu ya jabali linaloitazama bahari, likiwa na ngazi zinazoteremka hadi ufukweni. Jabali hilo linachimbwa na mawimbi kutoka chini, na kila kipande kinachoanguka kinausogeza ukingo karibu zaidi na kuta. Kwa kuwa darasa lako linasoma habari za dhahabu, waambie kwamba sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyuhuyu iliokotwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, katika nchi ilikotoka dhahabu iliyopitia Sofala.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa pwani ulikuwa miongoni mwa sababu. Ndipo zikafanyika kazi za kuimarisha kuta, kupanga mawe ya kuzuia mawimbi mbele ya Gereza na upande wa msikiti na makaburi ya Malindi, na kupanda mikoko, wanakijiji wenyewe wakishiriki. Na mwaka 2014 magofu yakaondolewa katika orodha hiyo. Miaka hiyo miwili, 2004 na 2014, ningependa wanafunzi wako waiandike kwa wino, kwa sababu wengi wamesikia habari ya hatari na wachache sana wamesikia kwamba palifanyika kazi na kazi ikaonekana. Bahari haijakoma, na mawe ya kuzuia mawimbi yanahitaji kutazamwa kila baada ya bamvua kubwa. Kilichothibitika ni kwamba mkono wa mtu unafaa kitu pale.

Kama kijana wako bado anataka mji ambao bahari imeutwaa kweli, mwonyeshe kwenye ramani Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, ambako sehemu kubwa ya mji wa kale imekwisha kuliwa. Na asije akadhani kwamba bahari hujua kusonga mbele tu, mwonyeshe pia Kaole, karibu na Bagamoyo, ambako mambo yalikuwa kinyume: bandari ilijaa matope, mikoko ikaota, na leo magofu ya misikiti na makaburi yametenganishwa na maji kwa msitu wa mikoko.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma kidato cha nne hapa Moshi. Babu yangu wa Kibosho anasema kwamba alipokuwa kijana theluji ya Kibo ilikuwa nyingi sana kuliko ninayoiona mimi. Mwalimu wetu wa jiografia naye anasema barafu ikiyeyuka bahari hupanda. Je, ni theluji ya mlima wetu inayokwenda kuziharibu ngome za pwani? Jambo hili linanisumbua. (Mwanafunzi, Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako anasema kweli, na mwalimu wako anasema kweli, lakini kweli hizo mbili haziungani namna unavyoogopa. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja.

Bahari zote za dunia zina eneo la kama kilomita za mraba milioni 361. Ili ipande milimita 1 tu, bahari hiyo inahitaji kuongezewa kilomita za ujazo 361 za maji. Sasa tazama mlima wetu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na ilipopimwa mwaka 2011 haikufika 2. Tufanye kwamba barafu yote ile ya mwaka 1912 ilikuwa na unene wa mita 50. Tunapata kilomita za ujazo 0.6. Hata ingeyeyuka yote kwa siku moja na kuingia baharini bila kupungua, bahari ingepanda kwa sehemu moja ya 600 ya milimita, yaani chini sana ya unene wa unywele wako mmoja. Mlima wetu hauna hatia ya Kilwa.

Barafu yenye uwezo wa kuipandisha bahari iko mbali na huku. Iliyoko Greenland peke yake, kama ingekwisha yote, ingeipandisha bahari kwa mita 7 hivi, na iliyoko Antaktika kwa mita zaidi ya 50. Hizo hazitakwisha katika maisha yako, lakini zinapungua, na kupungua kwake kunaonekana kwenye vipimo vya bahari. Sababu nyingine kubwa huhitaji kwenda mbali kuiona: mama akibandika jikoni sufuria iliyojaa maji mpaka ukingoni, maji huanza kumwagika kabla hayajachemka, kwa sababu maji yakipata joto huvimba. Bahari nayo imepata joto, na imevimba.

Barafu ya Kibo inakwisha kwa namna yake. Kule juu hewa ni kavu na ya baridi kali, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kuwa maji kwanza, huku theluji mpya ikiwa haitoshi kufidia. Hali hiyo ilianza tangu mwishoni mwa karne ya 19, tabia ya nchi ya Afrika Mashariki ilipobadilika na kuwa kavu zaidi, na joto la sasa limekuja juu ya hayo. Usidhani pia kwamba mifongo, yaani mifereji ya maji, ya huko Kibosho inategemea barafu. Maji yake mengi hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima, na kwa sababu hiyo moto unaounguza msitu unanitia hofu kubwa kuliko barafu inayopungua.

Lakini hujakosea kuutafuta uhusiano wa mlima na pwani, kwa kuwa upo, ila unapita kwingine. Mto Karanga unaouona hapo Moshi huingia Weruweru, kisha Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huyapeleka maji hayo mpaka baharini. Mto huchukua mchanga, na mchanga wa mito ndio unaozilisha fukwe. Bwawa, lolote liwalo, hushika sehemu ya mchanga huo, na ufuko unaokosa mchanga hukosa nguvu ya kujikinga na mawimbi. Mji wa Pangani, ambao nao ni wa kale, umejengewa ukuta wa kuzuia bahari. Ukifika huko siku moja, simama juu ya ukuta huo uyatazame maji ya mto yanavyotoka. Baadhi yake yamepita karibu na shule yako.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimetumiwa kwenye simu picha za mawe yaliyopangika chini ya bahari karibu na Mafia, na maelezo kwamba huo ni mji wa Rhapta uliozama, mji wa kale kuliko yote katika Afrika Mashariki. Je, niamini? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, Rhapta yenyewe iamini, picha usiiamini bado. Mji ulikuwapo. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mtu aliyeijua biashara ya Bahari ya Hindi, kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho katika pwani hii, penye pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya kasa, na kinaeleza kuwa jina lake lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa hapo, kwa maana mtepe, uliounganishwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja, ulikuwa ukionekana katika maji yetu hata baada ya miaka 1,800 kupita. Ptolemy, mwanajiografia wa kale, naye aliutaja mji huo katika karne ya 2, na katika ramani yake ya sehemu hizi za Afrika mna milima yenye theluji. Wapo waliodhani kwamba habari ya theluji ile ilikuwa ni habari ya Kilimanjaro iliyoshuka na wafanyabiashara hadi bandarini, zaidi ya miaka 1,600 kabla mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann hajauona mlima huo mwaka 1848.

Mahali Rhapta ilipokuwa ndipo wataalamu wasipoafikiana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta kwa miaka mingi upande wa delta ya Rufiji, na huko zimepatikana shanga za kioo za zama za Warumi. Delta ni mahali pagumu kutafuta mji: mto hubadili njia, matope hufunika, mikoko huota juu, na mji uliokuwa ukingoni mwa maji unaweza kuwa leo umefukiwa chini ya shamba la mpunga au umechukuliwa na bahari.

Kuhusu picha zilizosambaa tangu mwaka 2016, mtu aliyepiga mbizi aliona mawe yenye pembe yaliyopangika kwa mistari, na mawe kweli yapo. Lakini mchanga wa pwani za joto hugandamana kwa chokaa ya asili na kuwa mwamba, na mwamba huo ukipasuka hupasuka mara nyingi kwa mistari iliyonyooka, vipande vyake vikifanana kabisa na matofali yaliyopangwa na fundi. Nimewahi kukanyaga mwamba wa namna hiyo maji yakiwa yamekupwa, nami nilisimama nikautazama kwa dakika kadhaa nikitafuta mlango. Kinachotofautisha ukuta na mwamba ni vitu vya watu: vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya samaki walioliwa, mkaa wa jikoni, vikiwa vimelala katika tabaka lake na kupimwa umri wake. Siku utakapoona picha ya kigae cha karne ya 1 kilichotolewa kati ya mawe hayo, pamoja na jina la mtaalamu aliyekitoa na maelezo ya tabaka alimokikuta, niandikie tena, nami nitakupa ukurasa mzima.